Rangi Isiishie Kwenye Sinki: Namna ya Kufanya Tritimenti kwa Nywele Zilizopakwa Rangi

Simama pembeni ya sinki la saluni Jumamosi mchana, wakati mteja mwenye rangi ya maruni ya wiki mbili analaza kichwa aoshwe kabla ya stimingi, ile tritimenti ya mashine ya mvuke. Maji yanayoshuka yanafanana na juisi ya rozela. Hiyo ni pesa yake inakwenda. Jua lina sehemu yake katika kupausha rangi, lakini kwa nilivyoona katika miaka 14 ya kuosha na kusuka vichwa vya watu hapa Dar es Salaam, rangi nyingi hutoka siku ileile mtu anapoamua kuzihudumia nywele zake.

Niliwahi kumharibia mteja. Alikuwa na sendofu ya mdogo wake Jumamosi. Jumatano alipakwa rangi ya shaba, Ijumaa akaja kwangu. "Dada, nywele zimekauka, niwekee stimingi zilainike." Nikamwosha mara mbili kwa shampuu ya galoni, nikampaka tritimenti, nikamkalisha kwenye mashine ya stimu dakika 45, kwa kuwa nilifundishwa kwamba kadiri mtu anavyokaa ndivyo dawa inavyoingia. Tulipokausha, shaba ilikuwa imegeuka kutu, mbele nyepesi, nyuma nzito. Hakunigombeza. Alijifunga kilemba akaondoka, na hilo liliniuma kuliko angenipigia kelele. Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu dakika, kupima maji na kuandika tarehe za wateja. Haya hapa chini ndiyo ninayoyafuata.

Kwanza tuelewane kinachotokea ndani ya unywele

Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Katika rangi ya kudumu, ile ya kuchanganya vitu viwili, amonia huyainua magamba hayo, chembe ndogo za rangi zinaingia, kisha peroksaidi inaziunganisha zikiwa humo ndani mpaka zinakuwa kubwa na kunasa. Rangi isiyo na peroksaidi haina muungano huo. Chembe zake hujibanza karibu na juu, na zina njia fupi ya kutokea.

Vitu vitatu huyainua magamba tena: maji, joto, na alikali, yaani vitu vyenye asili ya magadi. Unywele ulioloa vizuri hubeba maji ya karibu asilimia 30 ya uzito wake, na hapo huvimba. Stimingi ni maji na joto kwa pamoja. Ukiitangulizia sabuni kali, umekusanya vyote vitatu juu ya kichwa kimoja ndani ya saa moja.

Nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha ziko hatarini zaidi, kwa sababu dawa hizo zina alikali kali sana, pH (kipimo cha uchachu na ualikali) ya 12 kwenda juu, na baada yake magamba hayalali tena kama zamani. Ndiyo maana rangi inaziingia upesi na kuzitoka upesi. Na kama rangi yenyewe ni ya jamii ya wekundu, iwe maruni, shaba au nyekundu ya wazi, jua kwamba hizo hupauka mapema kuliko kahawia na nyeusi hata ukizitunza sawa.

Hatua ya 1: Ijue rangi iliyo kichwani

Usipokee wala usiombe tritimenti yoyote kabla ya kujua kichwa kimepakwa nini na lini. Ya kudumu inavumilia zaidi. Isiyo na peroksaidi haivumilii stimu kabisa. Kama hukumbuki, au ulipakwa mahali ambapo hukuuliza, fanya jaribio la taulo. Chukua fungu dogo la nywele nyuma ya sikio, liloweshe kwa maji ya uvuguvugu, paka povu la shampuu utakayotumia, subiri dakika 2, kisha likamue kwa taulo jeupe. Taulo likibaki jeupe, endelea na hatua zote. Likipata kivuli cha rangi, utafanya tritimenti bila mashine. Likichafuka hasa, ahirisha wiki moja, kwani rangi hiyo bado haijatulia au ni ya muda.

Hina inahitaji maneno yake. Hina halisi ya majani hushikana na protini ya unywele na haisumbuliwi sana na stimingi. Tatizo liko kwenye pakiti zinazoitwa hina nyeusi, maana majani ya mhina hayatoi weusi peke yake. Humo mara nyingi huwekwa rangi za kemikali, na baadhi zina chumvi za madini. Chumvi hizo zikikutana na peroksaidi, nywele zinaweza kupata moto kichwani na kukatika. Mwambie msusi wako kama umewahi kuipaka, hata kama ni miezi mitano iliyopita, kwa sababu iliyo kwenye urefu wa nywele bado ipo.

Na dada zangu wa Zanzibar, Tanga, Lamu na Mombasa, jambo hili nawaomba mlichukue kwa uzito. Piko nyeusi tunayochorwa mikononi kwenye harusi mara nyingi ni rangi ya nywele ya unga iliyokorogwa. Ina kemikali iitwayo PPD, ileile iliyomo kwenye rangi nyingi za kudumu za nywele. Kama piko iliwahi kukutoa malengelenge au kukuwasha mpaka ukavimba, mwili wako umeshaikataa kemikali hiyo, na kuipaka kichwani inaweza kukuvimbisha uso na macho. Achana na rangi zenye PPD na umwone daktari wa ngozi. Hata kwa asiyewahi kudhurika, tone dogo la rangi kwenye kiwiko cha ndani na kusubiri saa 48 ni kitu cha kufanya kila mara.

Hatua ya 2: Panga tarehe kabla ya kupanga dawa

Sehemu kubwa ya kazi iko hapa. Nina daftari, na kila mteja wa rangi ana ukurasa wake.

Dawa ya kulainisha inatangulia, rangi inafuata, na katikati yake zipite wiki 2 au zaidi. Ukigeuza mpangilio, dawa itaitoa rangi uliyoilipia. Ukifanya vyote siku moja unacheza na kukatika kwa nywele, na hilo halina tritimenti ya kulirudisha.

Wakati wa kuritachi, yaani kurudia dawa ya kulainisha, dawa ipakwe kwenye ota peke yake, zile nywele mpya zilizoota. Kabla ya kufungua kopo, paka urefu wote wenye rangi kondishona nzito au mafuta ya mgando, ili dawa isiuguse wakati wa kupaka na isiushukie sana wakati wa kusuuza. Shampuu ya kuua dawa usiiruke. Nimesikia wasusi wakiiacha kwa hoja kwamba inatoa rangi. Dawa isiyouawa inaendelea kula unywele na ngozi ya kichwa. Rangi inapakwa tena, lakini ngozi iliyoungua inaweza kuacha kovu lisiloota nywele. Na nywele zilizobliichiwa zisiwekwe dawa ya kulainisha hata kidogo. Mteja akisisitiza, mkatalie kwa heshima.

Baada ya kupaka rangi, kaa siku 3 bila kuosha. Stimingi au tritimenti yoyote ya joto isubiri angalau wiki 1.

Kama una shughuli, hesabu kurudi nyuma. Tritimenti ya protini ifanywe wiki 1 kabla ya rangi, rangi ipakwe siku 4 au 5 kabla ya shughuli, na siku ya shughuli usiguse maji. Protini ikitangulia hujaza sehemu zilizodhoofika, hivyo rangi inaingia kwa usawa kuanzia shina hadi ncha. Yule mteja wangu wa sendofu angekuja wiki moja mapema, angeenda na shaba yake.

Keratini ya kunyoosha, kama unaitaka, iwe kabla ya rangi kwa wiki 2. Pasi yake hufikishwa kwenye nyuzi 230 hivi, na joto hilo linapausha rangi waziwazi. Baadhi ya dawa zake hutoa mvuke wa fomalini, kwa hiyo madirisha yafunguliwe na msusi avae barakoa.

Halafu suala la mara ngapi. Wapo wateja wanaofanya stimingi kila Jumamosi kama ibada. Kwa nywele zenye rangi, kila baada ya wiki 3 au 4 inatosha, na katikati yake tumia kondishona ya kawaida bila mashine.

Hatua ya 3: Shughulikia maji

Wakazi wa pwani wananielewa. Maji ya visima vingi vya mjini ni ya chumvi, shampuu haitoi povu, na msusi anaongeza shampuu na kusugua zaidi. Madini yaliyomo hubaki juu ya unywele na kuufanya uwe mzito na usio na mng'ao, kiasi kwamba rangi inaonekana imefifia hata kama bado ipo. Kama saluni yako inatumia kisima, weka ndoo ya maji matamu, ya bomba au ya mvua yaliyokingwa vizuri, kwa ajili ya wateja wa rangi. Lita 10 zinatosha kichwa cha nywele za mabegani, ukimwaga kwa kopo badala ya mpira. Mteja naye asione haya kuja na kidumu chake.

Jambo la pili ni joto la maji, hata pale ambapo hakuna hita. Simtanki nyeusi iliyokaa juani tangu asubuhi, ifikapo saa nane mchana inatoa maji ya moto bomba likifunguliwa tu. Wengi hawalifikirii hilo. Panga kichwa chenye rangi kiwe cha asubuhi, saa 2 au saa 3, maji yakiwa bado yana ubaridi wa usiku. Yapime kwa kifundo cha mkono, kama unavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga, kisha yapunguze joto kidogo zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Mafuta ya nazi, ndipo shampuu

Kama kuna hatua moja tu utakayoichukua hapa, chukua hii. Nusu saa kabla ya kuosha, au usiku wa kuamkia siku ya saluni, paka mafuta ya nazi kwenye nywele kavu. Vijiko 2 vya chakula kwa nywele za mabegani, zaidi kwenye ncha na kidogo kwenye mashina. Aina nyingi za mafuta hukaa juu ya unywele, lakini ya nazi yana uwezo wa kupenya ndani, na yakishaingia yanapunguza kiasi cha maji ambacho unywele unafyonza. Unywele usiovimba sana hauachii sana. Bibi zetu walikuwa na tui na mafuta ya nazi nyumbani kabla ya saluni yoyote kufunguliwa mtaani.

Shampuu: soma nyuma ya chupa. Ukiona sodium lauryl sulfate katika majina ya mwanzo mwanzo, hiyo ni kali kwa rangi. Tafuta iliyoandikwa haina salfeti. Isipopatikana, chukua uliyo nayo, kijiko 1 cha chakula ndani ya kikombe cha maji, na hilo ndilo uoshee. Povu lipakwe kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, na urefu wa nywele upate lile linaloteremka wakati wa kusuuza. Osha mara 1. Desturi ya saluni ya kuosha mara mbili ni ya kichwa kilichofumuliwa rasta za miezi miwili.

Sabuni ya mche au ya kipande iache kwenye karo la nguo. Ni alikali, pH yake hufika 9 au 10. Shampuu za mba zenye seleniamu nazo hubadili rangi, kwa hiyo mwenye mba aitibu kwanza, apake rangi baadaye.

Hatua ya 5: Tritimenti yenyewe

Anza kwa kujua nywele zinataka nini. Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute taratibu. Ukivutika kama mpira uliolegea na usirudi, umepungukiwa protini. Ukikatika mara moja kama jani kavu la mnazi, unataka unyevu. Kumpa protini aliyekosa unyevu kunamwongezea ukavu, atarudi wiki ijayo kutaka tena, na kila kurudi ni kuosha kwingine.

Kwa tritimenti ya unyevu, kamua maji kwanza mpaka nywele ziache kuchuruzika, kwa sababu kondishona ikipakwa juu ya maji mengi inateleza tu. Gawa kichwa sehemu 4, paka kuanzia ncha kupanda juu, chana kwa kitana chenye meno mapana, visha kofia ya nailoni, zungushia taulo. Joto la kichwa chenyewe linafanya kazi. Dakika 20 hadi 30. Nimefanya hivi kwa miaka, na ulaini unaopatikana unakaribia sana ule wa mashine.

Anayetaka mashine na rangi yake ni ya kudumu, apewe stimu ya chini kwa dakika 10, zikizidi sana 15. Mashine ikizimwa, usikimbilie sinki. Mwache akae dakika 5 nywele zipoe. Kumsuuza zikiwa bado zimevimba kwa joto ndilo kosa nililolifanya, na bado naliona likifanyika kila mahali.

Protini ya kukaushwa kwa draya mpaka igande ina masharti ya joto yaliyoandikwa kwenye pakiti, na huwezi kuyapunguza bila kuiharibia kazi. Ndiyo maana niliipanga kabla ya rangi.

Mafuta ya moto yawe ya uvuguvugu. Weka kikopo cha mafuta ndani ya bakuli la maji moto, usikibandike jikoni.

Vya jikoni navyo: yai na mayonezi havitoi rangi, ila yai likikutana na maji ya moto linaiva humohumo kwenye nywele, na utaosha mara tatu kulitoa. Parachichi lisilochujwa lina shida hiyohiyo ya mabaki. Asali isiwekwe, kwani ikichanganyika na maji hutengeneza peroksaidi kidogo. Magadi na soda ya kuokea, hapana. Ndimu pia hapana. Inapausha, na maji yake yakibaki kwenye paji la uso ukatoka juani yanaweza kukuunguza ngozi.

Hatua ya 6: Kusuuza kwa mwisho

Maji ya baridi, mpaka utelezi uishe. Kisha chukua kijiko 1 cha chakula cha siki nyeupe katika nusu lita ya maji matamu, mimina taratibu kwenye urefu wa nywele, hesabu dakika 1, suuza kidogo. Uchachu huo huyalaza magamba na kuondoa baadhi ya madini ya maji ya chumvi. Harufu inaisha nywele zikikauka. Mwenye kidonda au mwasho kichwani airuke hatua hii.

Hatua ya 7: Kukausha

Bonyeza nywele kwa fulana ya pamba, usizisugue. Rola na draya la joto la wastani ni salama zaidi kuliko pasi. Pasi ikibidi, nywele ziwe kavu kabisa, zimepakwa kinga ya joto, nyuzi zisizidi 180, na kila fungu lipitiwe mara 1.

Anayesukwa rasta baada ya hapo amwambie msusi achovye ncha za rasta tu kwenye maji ya moto, chini ya pale nywele zake mwenyewe zinapoishia. Anayekwenda kuogelea, baharini au kwenye bwawa lenye klorini, aloweshe nywele kwa maji matamu na apake mafuta ya nazi kabla ya kuingia. Nywele zilizokwishashiba maji matamu hazinywi mengi ya bwawa. Mchana, mtandio unatosha kuzikinga na jua.

Hatua ya 8: Kurudishia kinachopotea

Hata ukifuata yote, kuna kinachotoka. Badala ya kupaka rangi ya kudumu upya kila mwezi kwenye nywele zilezile, rudisha kidogo kidogo. Nunua rangi isiyo na peroksaidi inayokaribiana na yako. Changanya kijiko 1 cha chai cha rangi hiyo na vijiko 4 vya chakula vya kondishona nyeupe. Rangi ya kudumu haifai kwa kazi hii, hata kama imebaki kwenye tyubu na unaionea huruma.

Vaa glavu. Paka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikio na shingo. Paka mchanganyiko kwenye nywele zilizooshwa na kukamuliwa, ukianzia ncha, kwa sababu ndizo zinazopauka kwanza. Kaa dakika 10 bila kofia wala mashine. Mimi hufanya hivi wiki ya tatu au ya nne, siku ileile ya tritimenti, mahali pa kondishona ya mwisho, na siki siku hiyo naiacha. Usiku wa kwanza tandika khanga ya zamani juu ya mto.

Wakati wa kusuuza, maji ya kwanza yatashuka na rangi, hiyo ni ya ziada tu. Endelea na kopo la maji ya baridi, taratibu, bila kusugua. Yakianza kushuka meupe, acha hapo na ufunge taulo.